Sehemu ya Pili Haikutoka

Hadithi ile niliiandika mimi. Naanza hapo kwa sababu watu wakinionea huruma humtupia lawama mpiga picha, au vibanda vya video, au ushamba wa majirani, na mimi naachwa nimekaa kwenye kiti chao nanyweshwa chai kama mfiwa. Hapana. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mama yangu mzazi nilimfanya mchawi kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwenye daftari la shule, na nilipomaliza nilijisifu.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapa Sumbawanga, na jioni nawatungia vijana wa parokia maigizo ya Krismasi na Pasaka. Niseme ukweli, nilikuwa najiona. Na kulikuwa na jambo lililoniudhi tangu nikiwa chuoni. Ukienda mkoa wowote ukasema unatoka Sumbawanga, mtu anacheka, anakuuliza ungo wako umeuegesha wapi. Kondakta anakuuliza, daktari anakuuliza, mpaka mama mkwe anakuuliza. Mimi sina kifua cha utani wa namna hiyo. Nikasema nitaandika filamu, itoke kwetu, ionyeshe kwamba hata kama uchawi upo, msalaba unaushinda. Ona akili zangu. Watu wananiita mchawi, na mimi nawajibu kwa filamu ya mchawi.

Mwenye kamera alikuwa mpiga video wa harusi, jamaa mchangamfu, mwepesi wa maneno. Alilisoma daftari langu akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Dada, hii itauza. Lakini tuikate mara mbili. Sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Siku hizi filamu ikiisha moja kwa moja watu wanaona wamepunjwa."

Nikakubali. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo, na mimi mwenyewe nimekulia kwenye filamu zinazokatika mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango. Sehemu ya kwanza ingeishia pale mchawi anapopewa rozari na jirani yake. Rozari inawaka moto kiganjani, inakatika, shanga zinamwagika, naye anacheka. Sehemu ya pili anaugua, anahangaika, padri anamfuata nyumbani, anatubu, anarudishiwa rozari ileile, na safari hii haiwaki. Anakufa ameishika. Nililia wakati naandika hapo. Na kila kitu nilikipa rangi yake kama nilivyojifunza kwenye video za kutoka nje: cha Mungu cheupe, cha shetani cheusi, msalaba ukutani, mshumaa, radi. Sikumwachia mtazamaji kitu cha kufikiri mwenyewe.

Tatizo likawa mchawi. Wasichana wa kwaya walijipaka masizi, wakaonekana wasichana wa kwaya waliojipaka masizi. Siku moja mpiga picha akaja Malangali, nyumbani kwa mama, kunirudishia daftari. Akamkuta mama uani anapepeta ulezi. Mama alikuwa amekula chumvi nyingi, mjane, mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, miaka yote ile ya kupika kwenye jiko lisilo na dirisha. Mpiga picha alimwangalia mama, akauangalia ungo, halafu akaniangalia mimi. Nilimwelewa, na badala ya kumfukuza nikatabasamu.

Tulipomweleza mama alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mtu wa mizaha yule. Alipomaliza kucheka akauliza swali moja tu.

"Mwisho wake huyo bibi anakuwaje?"

"Anatubu, mama. Anakufa vizuri."

"Padri anafika?"

"Anafika."

"Basi nitafanya," akasema. "Kama anatubu, hakuna ubaya."

Ndiyo makubaliano yetu hayo. Mama alikubali kuwa mchawi kwa sababu ya sehemu ya pili.

Ikaja habari ya rozari. Nilinunua ya plastiki, lakini kwenye kamera ilimetameta kama kitu cha kuchezea. Mpiga picha akaitaka ya mama, ya mbegu nyeusi, ambayo marehemu baba alimpa siku ya ndoa yao. Mama akaifunika kwa mkono. "Rozari yangu haiigizi," akasema. Nilimbembeleza nusu siku. Nikamwahidi kwamba itarudi mkononi mwake mbele ya watu wote, na hapo ndipo filamu itakapokuwa na maana. Mwishowe akanipa, akageukia ukutani wakati nakata uzi wake kidogo kwa wembe, baada ya fungu la pili la shanga kumi, ili ukatike kirahisi akiuvuta. Kazi ilipokwisha nilizitunga zile shanga upya kwa uzi wa cherehani. Ndio niliokuwa nao karibu, na madaftari ya darasa la sita yalikuwa yananisubiri kusahihishwa. Nikafunga fundo, nikamrudishia, akaibusu.

Tulipigia sebuleni kwake. Kwa nini tuhangaike kutafuta nyumba, wakati ya mama ipo? Mkeka wake, meza yake, ungo wake, msalaba wake ukutani, ambao kwenye sehemu ya kwanza tuliufunika kwa kitambaa cheusi. Mahali pa kusema maneno ya uchawi mpiga picha alimwambia aseme Kifipa chochote, mradi sauti iwe nzito. Mama akataja aina za maharage anazopanda, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kuzimu, mpaka mimi nikakimbilia nje nisiwaharibie kwa kicheko. Kiganja tulimpaka masizi kuonyesha alivyoungua. Moto wenyewe uliongezwa baadaye kwa kompyuta, na ulikuwa moto wa hovyo, ulikuwa unaelea kando ya mkono.

Siku ya kupiga toba mama hakuigiza. Mwanakwaya aliyevaa kanzu ya padri alimwekea mkono kichwani, na mama akaanza kusali kwa Kifipa, kimyakimya, machozi yakimtiririka. Hakuna aliyekohoa. Hata mpiga picha, ambaye mdomo wake haufungi, alisimama na kamera yake ametulia. Nilidhani nimefanya jambo kubwa katika maisha yangu. Bado nadhani lilikuwa kubwa. Ila hakuna aliyeliona zaidi ya sisi wanne tuliokuwa mle ndani.

Sehemu ya kwanza ilitoka wakati wa mavuno. Ikaingia vibandani, ikaingia kwenye flashi, ikarushwa kwenye simu, ikashuka mpaka bonde la Rukwa kwa wafugaji na wakulima wa mpunga. Wiki za mwanzo zilikuwa za raha. Mama akipita sokoni watu wanamwita, "Bibi, umetisha!" naye anawakunjia sura, wanacheka. Mwishoni mwa filamu, shanga zikiwa bado zinaruka sakafuni na mama akicheka kwa meno yake yaliyobaki, yalitokea maandishi mekundu: usikose sehemu ya pili.

Sijui ni siku gani kicheko kiligeuka. Kilianza kwa watoto. Walikuwa wanamwomba awaonyeshe kiganja, wanakiangalia, wanakimbia. Kisha wakaacha kuomba, wakawa wanakimbia tu. Kisha jirani mmoja akamwuliza mama kwa upole kama anaweza kupepetea ulezi wake ndani ya nyumba, maana ungo ule watoto wanauota. Mama akahamia ndani na ungo wake, vumbi la makapi likamzidishia wekundu wa macho. Akapita mtu wa Mtowisa, kule bondeni, anauza mchele. Alipomwona mama anatoka na beseni, akafunga gunia lake na kuondoka bila kuaga. Na yale maharage je? Sisi wenyeji tunasikia Kifipa. Nilimwambia mwanamke mmoja, dada yangu, si umesikia mwenyewe anataja maharage? Akanijibu bila hata kuona haya kwamba ndivyo wanavyoficha.

Mimi hasira zangu zinajulikana. Niligombana na kila mtu. Niliwauliza, mtu akiigiza Herode kanisani, mnamwogopa akirudi nyumbani? Baadaye, nikiwa peke yangu, nililipata jibu lao, nalo liliniumiza. Herode tunamleta kutoka kwaya ya kigango kingine na tunamvika joho la kukodi. Mama nilimwacha na sura yake, nyumba yake, lugha yake na rozari yake. Na miaka yote mimi ndiye niliyewafundisha watu hawa, palepale kanisani, kwamba mwenye nyeupe ni malaika na mwenye nyeusi ni shetani, na kwamba alama ikionekana haidanganyi. Walikuwa wanafunzi wazuri sana.

Paroko alisema baada ya matangazo ya Jumapili kwamba filamu ni mchezo na kwamba yule mama ni Mkristo mwema. Watu walitikisa vichwa kukubali. Kwenye kupeana amani, benchi la mama lilikuwa na nafasi ya watu wanne upande huu na watatu upande ule. Aligeuka huku na huku na mkono wake umenyooka, kisha akaupitisha kichwani kama mtu anayeweka kitambaa sawa.

Halafu asubuhi moja tukakuta mlango wake umechorwa msalaba mkubwa kwa mkaa. Mama alifurahi. Alidhani kuna mtu amembariki. Mimi sikufurahi, kwa sababu hilo nalo lilitoka kwenye daftari langu. Kwenye filamu majirani wanachora misalaba kwenye milango yao ili mchawi asiingie. Hawa wameuchora kwenye mlango wake ili asitoke. Huku kwetu tunajua bibi anayeitwa mchawi kwa macho yake mekundu anavyoweza kuishia, na mlango uliowekwa alama unavyoweza kukutwa. Kifo cha namna hiyo sitaki kukitaja. Niliufuta ule msalaba kwa maji na jivu, nikahamia kwake siku hiyohiyo, na tangu hapo nikawa na wazo moja tu kichwani: sehemu ya pili itoke. Watu wamwone anatubu. Wamwone ameshika rozari na haiwaki. Kama ni picha iliyomfunga, picha itamfungua. Niliamini hivyo kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuamini.

Mpiga picha alikuwa ananipiga chenga. Mara anahariri, mara kompyuta inasumbua, mara yuko Mpanda. Nilisikia ana harusi kijiji cha Kate, nikapanda lori la mahindi nikamfuata. Nilimkuta uwanjani, kamera begani, bibi harusi anakata keki. Nikamvuta pembeni.

"Naomba sehemu ya pili kama ilivyo," nikamwambia. "Usihariri. Nipe hivyohivyo mbichi."

Akaangalia chini. "Dada, nilikuwa nakukwepa kwa sababu hiyo. Haipo."

"Haipo kivipi?"

"Kadi za kamera zilikuwa zimeniishia. Nilirekodi harusi juu yake."

Nilimzaba kibao mbele ya maharusi na wazee wa pande zote mbili. Muziki ulizimwa. Yeye alishika shavu tu, na mimi nikaketi kwenye nyasi za watu, nikalia. Toba ya mama yangu ilikuwa imefutwa, juu yake wamewekwa watu wanakula keki. Alinifuata baadaye na soda, akasema tupige upya, hataki malipo yoyote, nimlete bibi tu.

Tukajaribu. Yule mwanakwaya wa kanzu akasema mke wake hataki. Nikamtafuta mwingine, akasema ana safari. Niliwafuata wanaume wazima tisa mmoja mmoja, watu ninaowajua tangu kipaimara, na kila mmoja alikuwa na safari. Mpiga picha akashauri padri asionekane, isikike sauti tu. Nilipompelekea mama shauri hilo alikuwa anachambua mboga. Akafikiri kidogo, akasema, "Padri wa sauti tu, watasema ni shetani anajibu." Akaendelea na mboga zake. Nilitamani alie, nitukanwe, nipigwe hata kofi. Lakini alikuwa ananihurumia, na hilo ndilo nilishindwa kulibeba.

Ikabaki jumuiya. Kwetu kila wiki jumuiya inasali kwenye nyumba ya mmoja wetu, zamu kwa zamu. Zamu ya mama ilikuwa imerukwa mara mbili, mara zote kwa bahati mbaya, eti. Mwenyekiti wetu ni mama yangu wa ubatizo, aliyenishika kisimani nikiwa na siku arobaini. Nilikwenda kwake, nikapiga magoti jikoni kwenye majivu. "Mama, naomba mje," nikasema. "Mkae naye mafungu matano tu. Watu wakimwona anasali katikati yenu, yataisha." Aliniinua. Alikuwa analia naye, simsingizii. "Alhamisi," akasema. "Saa kumi. Nitawaleta."

Mama alianza kusafisha tangu Jumanne. Alipaka kuta chokaa, akafua kitambaa cha meza, akachemsha togwa. Alhamisi mchana nilitoka kuazima viti, na niliporudi nikakuta sebule imepangwa. Meza imesogezwa chini ya msalaba, kitambaa cheupe, mshumaa kushoto, mkeka mbele, na yeye amekaa palepale alipokaa mbele ya kamera.

"Mama, tuigeuze hii meza," nikasema.

"Nimepanga kama siku ile ya padri," akasema, na alikuwa amefurahi kama msichana. "Si wanataka sehemu ya pili? Leo wataiona."

Nilipaswa kuigeuza. Siku ile aliyokuwa akiikumbuka yeye, wao hawakuiona kamwe. Chumba hiki walikijua kwa jambo moja tu. Lakini sauti za watu zilikuwa zimeshafika uani.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama akasema.

"Milele amina." Hawakuitikia wote, lakini waliitikia. Miezi ilikuwa imepita mlango ule haujasikia neno hilo. Waliingia, wakaangalia msalaba, wakaangaliana, wakakaa karibu na mlango. Mama yangu wa ubatizo peke yake alikuja mbele, akakaa ukingoni mwa mkeka. Viti nilivyoazima viliachwa katikati, vitupu.

Mama aliongoza mwenyewe, matendo ya mwanga. Fungu la kwanza sauti zilikuwa za kunong'ona. Fungu la pili zikafunguka. Sala ni mazoea, na midomo ilianza kwenda yenyewe, mtu mmoja nyuma akaanza kuimba sehemu ya utukufu na wengine wakamfuata. Mama yangu wa ubatizo alikuwa amefumba macho. Alijisogeza bila kujua, magoti yake yakagusa khanga ya mama. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa jikoni, nikasema moyoni, Mungu wangu, yamekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nani nimpe togwa kwanza.

Mama akaingia fungu la tatu. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa uzee, kwa hiyo alikuwa na kawaida ya kuivuta shanga ili aisikie. Akavuta.

Shanga zilimwagika mezani, zikadondoka sakafuni, zikaruka. Sakafu ilikuwa ya saruji, na mlio ulikuwa uleule. Mama yangu wa ubatizo alifumbua macho, akaona shanga moja inabingirika kumwelekea, akainua miguu yote miwili kutoka kwenye mkeka. Walisimama mmoja mmoja, wakatafuta ndala zao, wakatoka, na wa mwisho aliuacha mlango wazi. Mama yangu wa ubatizo alifika kizingitini akageuka akamwangalia mama, kisha naye akaondoka.

Mimi najua kilichokata rozari ile. Ni uzi wa cherehani. Ni fundo langu la haraka, baada ya fungu la pili, mahali nilipopitisha wembe kwa mkono huu. Duniani hakuna mtu anayelijua hilo kuliko mimi. Ule moto niliuona ukibandikwa kwenye kompyuta, na yale masizi niliyapaka mwenyewe. Mama alikuwa bado amekaa, mkono wake umenyooka juu ya kitambaa cheupe, kiganja juu, hakina kitu. Nikapiga magoti kuokota shanga. Nilipofika karibu na mkono wake nikauangalia. Niliuangalia vizuri, nione kama umeungua.

Mama aliniona. Aliukunja mkono polepole, akauingiza chini ya khanga.

"Na wewe, mwanangu," akasema.